Ripoti ya mazingira na jamii: gudauni dogo la chai Shimanzi lianzie wapi?

Karani wa Shimanzi

Asalaam aleikum jamani. Mimi ni karani wa stoo kwenye gudauni la chai hapa Shimanzi, Mombasa. Mnunuzi wetu wa Uingereza ametuma fomu ndefu ajabu: tumetoa gesi joto kiasi gani, wameumia wangapi kazini, maji, taka, wasimamizi wanawake ni wangapi. Benki nayo imeanza maswali hayo hayo. Bosi kaniita, kanirushia fomu: "Si wewe ndiye bingwa wa kompyuta?" Ataka kijitabu chenye picha, na ile ya siku tulipopanda mikoko Tudor iwe jaladani.

Nilicho nacho ni bili za stima, risiti za dizeli ya jenereta na foklifti, na faili la NEMA, ile mamlaka ya mazingira. Kwengine kote kiza. Aliyewahi kuifanya kazi hii aniambie naanza wapi, na kama hiyo mikoko ina maana yoyote.

Bi Hesabu

Waaleikum salaam mwanangu. Nimekagua vitabu vya makampuni ya mji huu tangu enzi za leja za mkono mpaka nikastaafu, kwa hivyo nivumilie nikirefusha.

Anza na hizo risiti. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Tuseme mmechoma lita 4,000 mwaka mzima: hizo ni kilo 10,800, karibu tani 11. Hilo ni fungu la kwanza, mnachochoma wenyewe. Fungu la pili ni stima mnayonunua. Hapo fungua macho, maana fomu za huko mara nyingi huja na kipimo cha kwao cha moshi kwa kila uniti ya stima. Stima yetu nyingi yatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo, basi tumia kipimo cha Kenya, la sivyo mtajitwika moshi usio wenu. Fungu la tatu ni mengine yote: malori ya kukodi yanayoteremsha chai kutoka Kericho, meli inayoichukua Kilindini, na kadhalika. Mwaka wa kwanza hamtaliweza lote. Andikeni mnachoweza kukithibitisha na mseme wazi mlichokiacha. Pengo mlilolitaja wenyewe halina tabu.

Mikoko sasa. Wasema mlipanda. Mingapi i hai? Mche uliochomekwa mahali pasipo pake hung'olewa na mawimbi kabla haujashika. Nenda siku ya bamvua, maji yakipwa, uhesabu iliyoshika, kisha uandike hiyo. Picha ya bosi na mche wake mwaweza kuitia ndani huko kurasa za nyuma (ningekuwa mimi nisingeitia kabisa, lakini bosi ni bosi).

Na hilo faili la NEMA lisome kabla hujaandika hata mstari. Ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka umo kwenye kanuni za 2003, si hisani ya mtu. Nimewahi kuona kampuni, siitaji, ikijisifu kwa usafi kurasa nzima nzima, na kabatini ukaguzi wake wenyewe wasema vumbi la chai kwenye chumba cha kuchanganyia limepita kiasi. Mnunuzi akiviweka viwili hivyo mezani, atakwambia nini?

CPA Mvita

Bi Hesabu kamaliza kazi, mie naongeza kidogo tu. Muulize mnunuzi anafuata mwongozo upi. GRI, mwongozo wa kimataifa ulioanzishwa 1997, huuliza kampuni inawafanyia nini watu na mazingira. ISSB, bodi ya kimataifa ambayo viwango vyake S1 na S2 vilitoka Juni 2023, huuliza mambo hayo yatauathirije mfuko wa kampuni. Benki hupenda huu wa pili. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wake Novemba 2021, lakini ni wa makampuni yaliyoorodheshwa. Kwa ratiba ya ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, mashirika yenye maslahi ya umma yatalazimika kufuata viwango hivyo vya ISSB kuanzia Januari 2027, wadogo baadaye. Kwa hivyo asije mtu akawauzia programu ya maelfu ya dola. Excel yatosha.

Mbeba Gunia

Nyote mmeongea moshi. Mimi nimebeba magunia, naongea hapo kwa "wameumia wangapi".

Gudauni nililokuwa, mwenzangu alibanwa kidole na palati. Kucha ikang'oka yote. Akafungwa kitambaa, akapewa nauli, kesho yake mahali pake pana mtu mwengine. Bango la getini likaendelea kuhesabu siku bila ajali, kwa sababu yule aliletwa na wakala, si "mfanyakazi wetu". Karani, nyinyi vibarua wenu wamo kwenye hesabu?

Na majirani je? Mie nakaa Mikindani. Owino Uhuru hapo watu waliishi na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikakatiwa rufaa, ikapinduliwa, mpaka Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Fomu ya mnunuzi ina safu ya jirani? Kama haina, muongezee.

Karani wa Shimanzi

Ahsanteni sana. Kaka Mbeba Gunia umenigusa penyewe. Vibarua wetu pia huletwa na wakala, hawamo kwenye mishahara. Saa zao nitazitoa wapi?

Bi Hesabu

Kaka yako kasema kweli. Ajali mara nyingi hupimwa kwa kila saa 200,000 za kazi, yaani watu 100, saa 40 kwa wiki, wiki 50. Ukiwatoa vibarua, umetoa saa zao na majeraha yao, na wao ndio wenye kubeba. GRI yenyewe yataka wasioajiriwa ambao kazi yao mwaisimamia nyinyi wapewe safu yao.

Saa zimo kwenye daftari la mlinzi getini, nani kaingia na nani katoka. Ziweke kando ya ankara za wakala, yeye huwatoza kwa kichwa kwa siku. Zikipishana, fuata daftari la getini, na hiyo tofauti umpelekee bosi kabla hajalipa ankara ya mwezi huu.