Programu ya sataranji: mtoto anayejifunza na mchezaji wa klabu kwenye ubao mmoja?

MnaraMweupe, Bukavu
Wandugu, salamu. Tunatengeneza programu ya sataranji ya Android, injini (programu inayohesabu hatua) ni Stockfish. Watu wa klabu wanadai mistari 3 ya uchambuzi, alama za injini na faili ya PGN (mchezo ulioandikwa hatua kwa hatua) ya kutuma kwa wenzao. Watoto wanaojifunza katika mitaa ya Kadutu na Ibanda, wakiona namba zinakimbia pembeni ya ubao, wanafunga. Tulifikiria kuuliza mwanzoni kabisa: "wewe ni mgeni au fundi?" Halafu APK (faili ya kusakinisha programu) imepita mega 80, na kiwango cha chini kabisa cha UCI_Elo, mpangilio wa nguvu ya injini, bado kinawapiga watoto. Nini kikae mbele, nini kirudi nyuma?

Karisimbi64, Goma
Hilo swali la mlangoni liondoe, ndugu. Anayeanza hajui ajiite nani, na wengi watabonyeza "fundi" kwa heshima tu. Programu ifunguke ubao ukiwa tayari, Weupe chini. Chini ya ubao weka kitufe kimoja, "Chambua", kinachoonekana. Usikifiche kwenye kubonyeza kwa muda mrefu, hata mchezaji wa klabu hatakigundua. Humo ndani tia MultiPV 3 (yaani mistari 3 bora), kina cha hesabu na PGN, na programu ikumbuke mtu alivyoiacha.

Kwa mtoto, alama igeuke maneno. Injini inahesabu 100 kwa askari mmoja: chini ya 50 andika "mko sawa", hadi 150 "Weupe wana nafuu", ikipita 300 "Weupe wanaelekea kushinda". Sasa hapa ndipo wengi wanateleza: injini inatoa alama kwa macho ya mwenye zamu, si ya Weupe. Zamu ikiwa ya Weusi, geuza jumlisha iwe toa na toa iwe jumlisha. Usipofanya hivyo, kipimo kitaruka juu na chini kila hatua, na mtoto ataamini ameharibu mchezo hata alipocheza vizuri.

Kuhusu nguvu, UCI_Elo ya Stockfish za sasa inaanzia 1320, na hiyo ni nyingi kwa mtu wa wiki ya pili. Tumia Skill Level, ngazi ya ustadi ya injini, 0 hadi 20. Ikiwa hata 0 ni ngumu, izime, omba MultiPV 5, kisha programu yako ichague hatua iliyo nyuma ya ile bora kwa 100 hadi 200. Isivuke hapo. Mashine inayomwachia mtoto malkia bure haimfundishi kitu.

ShabaE4, Lubumbashi
Naongezea kuhusu uzito. Kinachojaza APK yako ni faili ya NNUE, mtandao wa nyuroni ulioingia na Stockfish 12 mwaka 2020. Kwa watoto weka Stockfish 11. Haina faili hiyo, ni nyepesi sana, na bado hakuna binadamu anayeiweza. Kwa mafundi, jenga injini mpya bila kufungia NNUE ndani, waipakue wenyewe siku wakipata Wi-Fi, kisha uielekeze injini kwenye faili hiyo kwa chaguo lake la EvalFile. Ila usijaribu kupakua injini nzima: programu iliyolengwa Android 10 na kuendelea hairuhusiwi kuendesha faili tendaji iliyo kwenye folda yake ya data. Injini isafiri ndani ya APK, kwa jina kama libstockfish.so.

Betri nayo uichunge. Threads 1 (uzi mmoja wa hesabu), Hash 16 (mega 16 za kumbukumbu), na sekunde nusu kwa hatua inatosha mchezo wa kawaida. Ukitumia amri ya "go infinite" (hesabu bila kikomo) kwenye Chambua, tuma "stop" mara tu mtu anapotoka kwenye skrini, hata akipokea simu. Ukisahau, injini inaendelea kuhesabu na simu inachemka mfukoni. Jioni umeme ukikatika, programu inayokula betri ndiyo inafutwa kwanza.

Tena, Stockfish iko chini ya leseni huria ya GPL 3: ukigawa APK, msimbo wa injini, pamoja na mabadiliko uliyoifanyia, uwe wazi. Mwaka 2021 timu ya Stockfish iliishtaki ChessBase, kampuni ya programu za sataranji, kwa jambo hilohilo, kwa hiyo usilichukulie kirahisi.

MnaraMweupe, Bukavu
Aksanti sana, wote wawili. Na herufi za vipande? Huku wengi wamejifunza kwa Kifaransa.

Karisimbi64, Goma
Swali zuri, maana R ni mtego. Rd1 kwenye PGN ni mnara umeenda d1, lakini aliyefundishwa kwa Kifaransa anasoma mfalme. Herufi za Kiswahili nazo hazisaidii: mfalme na malkia wote ni M. Kwenye skrini chora kipande chenyewe, kichwa cha farasi kikifuatwa na f3, mtoto anaelewa bila kuuliza. Herufi za Kifaransa R, D, T, F, C ziwe chaguo kwa anayezitaka. Lakini ndani ya faili ya PGN acha herufi za Kiingereza kama zilivyo. Ukiandika Cf3 (farasi kwa Kifaransa) humo, programu nyingine zitaikataa.