Watengeneza gemu mnaohamasisha vijana wapige kura: batani yenu ya uongo imemkosesha dogo kura yake ya kwanza

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, kwahiyo nikiruka herufi mnivumilie, niko kibandani kwangu hapa Igoma, Mwanza, wateja wameshaondoka na nimeona nisilale na hili jambo kifuani.

Kuna gemu moja ya drafti ya kwenye simu, imetengenezwa na vijana wetu hapahapa Tanzania. Jina silitaji, wanaoicheza wataijua tu. Tangu mwezi wa nne mwaka huu wa 2025 ukiifungua inakujia picha kubwa inajaa skrini nzima, bendera ya taifa na mkono umeshika karatasi, imeandikwa JIANDIKISHE KUPIGA KURA, chini yake batani ya kijani NIJIANDIKISHE. Ukibonyeza duara linazunguka zunguka kidogo, yaani kama vile kuna kitu kinatumwa mahali, alafu inatoka HONGERA, UMEJIANDIKISHA, UMEPATA KOINI 50. Basi imeishia hapo. Haikuulizi jina, haikuulizi unakaa kata gani, haikuambii kituo kiko wapi wala kinafungwa lini. Inakurudisha kwenye gemu ukanunue kete za rangi nyingine kwa hizo koini.

Mimi nilipoiona mara ya kwanza nikajua ni matangazo, nikafunga. Nina kibanda cha PS miaka sita sasa, vitu vya kuruka ruka kwenye skrini nimevizoea. Kumbe sio wote wanaona kama mimi.

Nina mteja wangu mmoja, dogo wa miaka 19, anavua dagaa huko visiwani Ukerewe. Mnaoijua kazi ya dagaa mnajua inakwenda na mwezi, giza likiwepo wako ziwani usiku kucha na taa zao, mbalamwezi ikitoka hakuna kazi, dagaa hawafuati taa, ndo wanapumzika. Huyu mbalamwezi ikitoka anapanda meli kuja mjini kumuona mama yake na mchana wote anashinda kwangu, analipia mechi kama mtu mzima, hana fujo, akifungwa anaacha pedi anampisha mwenzake. Kijana wa adabu kabisa.

Sasa wiki iliyopita mbalamwezi ilipotoka alikuja. Pale kibandani vijana walikuwa wanabishana habari za uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba, mmoja akatoa kichinjio chake, yaani kadi ya kupigia kura, mfukoni anawaringishia wenzake, picha yenyewe katoka amefumba macho wakawa wanamcheka. Mwingine naye akatoa chake. Dogo akasema na mimi ninacho, cha kwangu kiko kwenye simu. Akafungua akanipa mimi simu nisome. Ile picha. HONGERA, UMEJIANDIKISHA. Aliipiga skrinshoti siku ileile mwezi wa nne na akaitunza, iko kwenye folda moja na picha ya mama yake na picha ya cheti chake cha kuzaliwa.

Wakuu nilishindwa hata kuongea. Wale wengine wakaanza kucheka nikawafokea watoke nje.

Nikamuuliza, we dogo, mwezi wa tano wakati watu wa tume ya uchaguzi wako visiwani hukwenda? Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Ile awamu ya pili ya kuboresha daftari la wapiga kura ilikuwa siku 7 tu na vituo vilikuwa vya ngazi ya kata, kwahiyo kutoka kwenye kambi yao mpaka kituoni ni safari ya nusu siku. Tajiri wao aliwapa ruhusa waende. Wenzake wanne walikwenda, yeye akawaambia nendeni mimi nilishajiandikisha kwenye simu, akabaki kambini kuwageuzia dagaa zao kwenye mchanga zisioze. Amewageuzia dagaa wenzake wakajiandikishe! Na ile awamu ya kwanza ya Agosti 2024 haikumkuta, alikuwa Sengerema anamuuguza bibi yake.

Kesho yake nikafunga kibanda asubuhi nikaenda nae ofisi ya kata, nikijua jibu lakini nikasema acha asikie kwa wenyewe. Tukaambiwa kwa upole tu kwamba daftari lilishafungwa siku nyingi na hakuna namna. Tulipotoka nje akaniuliza, "Sasa kaka, ile yangu ilienda wapi?" Nikakosa la kumjibu. Haikwenda popote. Mlichukua kubonyeza kwake mkampa koini.

Sasa nisikilizeni nyie mlioitengeneza, maana najua humu mpo, watu wa kompyuta wote mpo humu.

Kujiandikisha hapa kwetu hakufanyiki kwa batani. Mtu mpya lazima aende kituoni kwa mwili wake, kuna mashine za BVR za kuchukua alama za mwili, anawekwa vidole, anapigwa picha, anasaini, anapewa kadi. Tume ilileta mfumo wa mtandaoni wa OVRS, kweli, lakini ule ulikuwa wa mtu ambaye tayari yumo kwenye daftari anataka kubadilisha taarifa zake au kuhamia sehemu nyingine, na hata huyo akianzia mtandaoni bado ilibidi akamalizie kituoni. Hii habari ya mtandaoni ilisikika mtaani nusu nusu, ndo maana dogo akaona batani akaamini. Alikuwa na sababu ya kuamini. Nyie ndo hamkuwa na sababu ya kuandika neno UMEJIANDIKISHA wakati hamjamwandikisha.

Na mimi najua mlikoitoa. Mmeona wenzenu Marekani wanafanya mkanakili picha mkaacha kazi. Kule majimbo mengi mtu anajiandikisha kwenye intaneti kabisa, kwahiyo kampuni ya gemu ikiweka batani ya kujiandikisha ile batani ina mahali inapokwenda. Mwaka 2008 Microsoft waliungana na Rock the Vote, taasisi ya kule inayohamasisha vijana kupiga kura, ili wenye Xbox waanze kujiandikisha wakiwa sebuleni. Mwaka huohuo kampeni ya Obama ilinunua matangazo ndani ya gemu 18 za kampuni ya EA, kwenye majimbo 10. Mliocheza Burnout Paradise mnakumbuka yale mabango ya barabarani unayapita na gari spidi mia, basi waliokuwa wanacheza mtandaoni kwenye Xbox 360 huko kwenye hayo majimbo walikuwa wanaona bango lina sura ya Obama, limeandikwa upigaji kura wa mapema umeanza, na anwani ya tovuti ya kwenda. Ile ilikuwa kampeni ya mgombea, mtu anaweza asiipende, lakini angalieni ujumbe wenyewe: jambo limeanza, nenda hapa. Oktoba 2020 mbunge wao Alexandria Ocasio-Cortez akacheza gemu ya Among Us mubashara kwenye Twitch, mtandao wa kuangalia watu wakicheza gemu, watu zaidi ya laki nne wanamuangalia kwa wakati mmoja, na alikuwa anawatuma kwenye tovuti inayomwonyesha mtu namna ya kupiga kura kwenye jimbo lake. Hakuna aliyepewa koini akaambiwa tayari umeshapiga.

Kuna watu watasema basi gemu zikae mbali na uchaguzi kabisa. Nintendo walifikia kitu kama hicho, baada ya watu wa kampeni ya Biden kuingiza mabango na kisiwa chao ndani ya gemu yao ya Animal Crossing mwaka 2020, Novemba yake wakatoa mwongozo makampuni na taasisi zisiingize siasa humo. Mimi hapana, sitaki mkae mbali. Sitaki mtu aniambie mgombea gani nikiwa nacheza drafti, hilo nakubaliana nao, lakini kumwambia kijana daftari liko wazi wiki hii nenda ni jambo zuri sana na nyie mnaweza kuliko redio. Huyu dogo redio hasikilizi. Hana tivii kambini. Gazeti halifiki. Kitu pekee anachofungua kila siku ni hiyo gemu yenu, anacheza juu ya mtumbwi wakisubiri dagaa wapande kwenye mwanga, bila bando wala nini maana inacheza hata ofulaini. Mlikuwa na sikio lake peke yenu na mkalitumia kumdanganya. Hicho ndicho kinachoniuma jamani, mngekuwa hamna uwezo nisingewaandikia.

Maneno yangetosha mawili matatu tu. Kituo chako kiko ofisi ya kata au shule ya karibu. Siku 7 tu. Beba miguu yako, hapa kwenye simu haiwezekani. Hata herufi hazijai skrini! Na kama mlitaka kutoa koini toeni, mpeni anayesoma tangazo mpaka mwisho, lakini msiandike amejiandikisha.

Niliwaandikia. Kule kwenye maoni ya apu nikaeleza vizuri bila tusi, nikaweka nyota moja. Siku ya pili nikajibiwa asante mdau kwa maoni yako, endelea kufurahia gemu, tupe nyota tano. Nikawaandikia tena kwenye imeili iliyopo chini ya apu, kimya mpaka leo.

Na leo asubuhi nimeifungua, wameleta apdeti. Picha ileile, mkono uleule, sasa imeandikwa 29 OKTOBA, batani inasema NITAPIGA KURA, koini 100. Hawaulizi kama mtu yumo kwenye daftari, hawamwambii lazima apigie pale alipojiandikisha, na hili la mwisho kwa huku kwetu ziwani ni kubwa kuliko mnavyofikiri. Wavuvi wanahama. Mtu kajiandikisha kisiwa cha Ukara mwezi wa tano, leo dagaa wamehamia upande mwingine yuko kisiwa cha Kome, au yuko kambi ya Sengerema, na tarehe 29 ni Jumatano katikati ya kazi. Huyo anahitaji kuambiwa mapema apange nauli ya meli na amuage tajiri wake. Wengine kadi zimelowa maji zikaoza, zimeanguka ziwani, wanadhani ndo basi, wakati kama jina lipo kwenye daftari kitambulisho cha NIDA kinakubalika, au leseni ya udereva au pasi ya kusafiria. Tume imelisema hili wazi. Hayo ndo mambo ya kuweka kwenye skrini. Badala yake koini 100.

Mnaotaka kuniambia uchaguzi wenyewe una maana gani mwaka huu, fulani hayumo, fulani kaenguliwa, nawaelewa na nina maoni yangu, lakini fungueni uzi wenu tuje tuchangie. Hapa naongelea haki ya mtu mmoja kuamua mwenyewe aende au asiende. Daftari lina watu zaidi ya milioni 37 na yeye alitaka awe mmoja wao, akiamua kubaki nyumbani iwe ni yeye kaamua. Dogo hakuamua. Waliamua kwa niaba yake watu ambao hawajawahi hata kukanyaga mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapofikia.

Na sijui ni wangapi. Gemu inachezwa Bunda, inachezwa Geita, Bukoba, kila mwalo nikipita nawakuta wameinamia simu. Wangapi wana hiyo skrinshoti wanadhani ni kadi? Watakwenda kwenye foleni tarehe 29 wakiwa na simu mkononi, wamuonyeshe karani, waambiwe mbele za watu jina halipo. Wale wenye vibanda vya gemu na mnaochaji simu mialoni, naomba muwaulize wateja wenu kabla ya siku yenyewe, angalau wasije wakadhalilika kwenye foleni.

Nyie watengenezaji, nataka hiyo batani itoke wiki hii, na pale palipokuwa na UMEJIANDIKISHA muandike kwamba haikuwa kweli, muiweke ikae skrini nzima kama mlivyoiweka ile nyingine, kila mtu aione hata kama yuko ofulaini. Na kama mna namba za waliobonyeza mwezi wa nne na wa tano watumieni ujumbe mmoja mmoja. Mkishindwa hata hilo basi ondoeni bendera ya taifa kwenye gemu yenu mbaki na drafti.

Dogo karudi ziwani juzi, giza limeshaingia. Ameniachia ile skrinshoti yake akasema kaka watumie waione. Nimeiweka hapo chini, nimeziba jina lake, na ya pili ni ya leo asubuhi kwenye simu yangu, koini 100 zinaonekana.