Naomba ushauri: mshahara wa chini, tuombe tume huru?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naomba mnisaidie. Ninachomelea vyuma katika karakana moja ya komine ya Kenya hapa mjini, na wenzangu wamenichagua niwasemee. Mwaka 2018 mshahara wa chini uliwekwa franka 7,075 kwa siku, ukakaa hapo miaka mingi huku unga wa bukari ukipanda bei. Inauma. Nimesoma kwamba Uingereza iliunda tume ya kuishauri serikali kuhusu mshahara wa chini mwaka 1997: wajumbe 9, watatu wa upande wa waajiri, watatu wa wafanyakazi, watatu wa kujitegemea. Sisi Kongo tuna Baraza la Kitaifa la Kazi, ambamo serikali, waajiri na wafanyakazi hukaa pamoja. Je, tuombe tume mpya, au tudai Baraza lipitie mshahara kila mwaka? Mliowahi kuwa kwenye sendika (chama cha wafanyakazi), barua kama hii tuanze kuipeleka wapi?