Chumvi ya mawe si maji ya bahari! Mmeniulia samaki watatu kwa "ushauri wa kitaalamu"

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, nitakayemkwaza anivumilie.

Mnawajua wale samaki wanaorukaruka kwenye tope la mikoko maji yakipwa, Wazungu wanawaita mudskipper? Macho juu ya kichwa kama chura, wanatembelea mapezi? Nilikuwa nao watatu nyumbani hapa Dar: Bondia, Mzee na Kijiko. Majina alitoa binti yangu wa darasa la pili. Jumamosi alfajiri nimewakuta Bondia na Mzee wanaelea chali, Kijiko kaganda juu kabisa kwenye kona ya kioo, kakauka kama dagaa wa kuanika. Mtoto aliuliza swali moja tu: "Baba, si jana ulisema umewatilia dawa?"

Dawa yenyewe nitaifikia.

Wiki tano nyuma nilitengeneza tangi la kioo, sentimita 90 kwa 45, upande mmoja mchanga na tope vimeinuka, kigogo katikati, maji kama lita 40. Nikaenda duka moja la samaki wa mapambo, silitaji jina uzi usije ukafutwa. Nikamweleza jamaa kwamba nataka maji ya mlango wa mto, si baridi (yaani yasiyo na chumvi), si ya bahari kamili. Akasema kazi ndogo. Akanitolea mfuko wa kilo mbili, chumvi nyeupe ya chenga, lebo imechapwa kwa printa ya stationery: "Chumvi Maalumu ya Akwariamu". Elfu thelathini na tano. Nikamuuliza, vipi nikichota maji Kunduchi? Akacheka. "Bosi, maji ya bahari yana vijidudu, utaua samaki wote." Samaki wenyewe kijana kanivulia hukohuko Kunduchi! Na mimi nikaitikia kama zuzu.

Nyumbani mke wangu akachukua chenga moja, akailamba, akasema hii ni chumvi ya mawe, hata kachumbari ya mwaka mzima haifikii hiyo bei. Nikamwambia mambo ya samaki hayajui. Namwomba radhi hapa hadharani.

Sasa nisikilizeni. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Sehemu kubwa ni hii ya kupikia, yaani sodiamu na kloridi. Lakini mna pia salfeti kama gramu 2.7, magnesiamu gramu 1.3, kalisiamu na potasiamu kama gramu 0.4 kila moja, na bikabonati kiduchu, miligramu 140 hivi. Hiyo kiduchu ndiyo inayoishikilia pH isiporomoke (pH ni kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 7 maji yana asidi).

Haya, nendeni Bagamoyo mkatazame chumvi inavyovunwa. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua linayapunguza. Chokaa inatangulia kuganda, jasi inafuata, ndipo inakuja chumvi. Wavunaji wanaikomba kabla maji hayajakauka yote, na yale maji machungu yanayobaki, ambamo magnesiamu imejikusanya, yanamwagwa. Kwa hiyo ile chenga ni bahari iliyokwisha kuporwa. Kuiyeyusha tena kwenye ndoo ukasema una maji ya bahari ni kama kukoroga sukari kwenye maji ukasema una juisi ya muwa.

Nikaikoroga kwenye maji gani? Ya mvua! Kwa sababu jamaa alisema ya bomba yana klorini. Klorini ya kawaida ukiyaacha maji kwenye ndoo wazi siku nzima na pampu ya hewa inapuliza, inaondoka. Maji ya mvua ndiyo balaa, hayana bikabonati ya maana wala madini. Chumvi tupu ndani ya maji matupu. Hakuna cha kuzuia asidi hata tone.

Na kipimo je? Akaniuzia kalamu ya kidijitali, elfu 25, "inapima chumvi, bosi". Nilipima gramu 600 kwenye mzani wa jikoni, lita 40, yaani gramu 15 kwa lita, nikachovya kalamu, ikasoma 9990. Nikampigia, akasema mizani inatofautiana, amini kalamu. Kesho yake 9990. Wiki ya pili 9990. Nikajitapa kwenye grupu la WhatsApp kwamba maji yangu yametulia kama ya mtungini, na watu wakaniwekea vidole gumba. Wakuu, 9990, yaani miligramu kwa lita, ndio mwisho wa ile kalamu! Ni ya kupimia maji ya kunywa. Zaidi ya gramu kumi kwa lita haioni kitu, ilikuwa imegota ukutani wiki zote hizo nami naishangilia.

Huku nyuma tangi linakauka kwa joto hili la Dar, kama lita moja kwa siku, na mimi najazia. Kwa maji gani? "Yaleyale, bosi, usibadilishe mchanganyiko." Kinachopanda hewani ni maji, chumvi inabaki. Ukijazia maji ya chumvi unaongeza chumvi juu ya chumvi. Siku 35 mara gramu 15 ni gramu 525, juu ya zile 600 za mwanzo. Baada ya msiba nilichota lita moja ya lile tangi nikaichemsha kwenye sufuria hadi ikakauka, nikakwangua, nikapima: gramu 28. Karibu bahari kamili. (Sufuria ile imenunuliwa mpya, tusiendelee na hilo.) Kinachojaziwa ni maji baridi. BARIDI. Chumvi inaongezwa tu pale unapotoa maji machafu na kuweka mengine.

Hata hivyo, sitaki kuisingizia chumvi. Hawa samaki makao yao ni mahali ambapo masika inashusha chumvi na jua la mchana linaipandisha kwenye vidimbwi, wamezoea. Kilichowaua ni kingine, na hapo ndipo damu inanichemka zaidi.

Nilikuwa nawalisha vipande vya kamba na panzi. Makombo yakizama yanaoza, kinyesi nacho, vyote vinatoa amonia, sumu kwa samaki. Kwenye filta kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha nitreti, isiyo kali sana. Wanachukua wiki kadhaa kujijenga, na mimi nilitia samaki siku ya pili. Halafu kazi yao inakula bikabonati: kila gramu ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa inamaliza kinga inayolingana na gramu 7 hivi za chokaa ya matumbawe. Mimi sikuwa na hata ya kuanzia! pH ikawa inashuka, na ikishashuka sana bakteria nao wanalegea, amonia inarundikana. Maji sikubadilisha, maana niliambiwa "hao ni samaki wa tope, wanapenda uchafu". Tope la mikokoni, wakuu, bahari inaingia na kutoka mara mbili kwa siku! Tangi langu lilikuwa lavatori isiyovutwa maji.

Na samaki walisema. Kuanzia wiki ya nne walikataa maji. Zamani Bondia alikuwa anashuka, anajigaragaza kidogo kwenye kina kifupi alowe, anapanda tena, anatunisha lile pezi la mgongoni kumtisha Mzee. Macho yao huwa wanayavuta ndani ya kichwa kidogo kuyalowesha, kama mtu anayekonyeza. Sasa wakawa wamejipanga juu ya kigogo, wote watatu, siku nzima, maadui wamekaa bega kwa bega. Mimi nikapiga picha, nikaandika "wamezoeana". Samaki huyu anapumua pia kwa ngozi, anahitaji kulowa, na maji yanamuunguza. Akae juu akauke au ashuke aungue.

Ijumaa jioni nikapima pH kwa vikaratasi: 6. Nikaweka kwenye grupu. Hakuna aliyeuliza amonia ni ngapi. Hata mmoja! "Mtaalamu" mwenye miaka yake kumi ya kufuga (samaki wa maji baridi, nimekuja kujua baadaye) akajibu ndani ya dakika moja: tia bikabonati, ile ya kuumulia maandazi, kijiko kimoja cha chakula, asubuhi utanishukuru. Nikatia. Usiku pH ikasoma 8.3, namba nzuri, nikamshukuru hapohapo, nikalala.

Hii ndiyo dawa aliyoniuliza mwanangu. Amonia kwenye maji ina sura mbili. Maji yakiwa na asidi, karibu yote inakaa kwenye sura ya amoniamu, isiyo kali sana. Kwenye pH 6 na joto la nyuzi 28, ile sura ya sumu haifiki hata sehemu moja kwa elfu. Ukipandisha hadi 8.3, sehemu kama moja kwa kumi inageuka sumu. Zaidi ya mara mia, kwa usiku mmoja, kwa kijiko cha maandazi. Jumamosi nilipotumbukiza matone ya kipimo cha amonia, maji kwenye kichupa yakawa kijani kibichi kama mchicha, hata chati haikuwa na rangi hiyo.

Bikabonati siigombi. Ingetiwa kidogokidogo kwa siku kadhaa, baada ya kubadilisha nusu ya maji mara mbili tatu, Bondia angekuwa hai. Makosa yangu nayakubali: sikusoma, nilibana gharama kwenye vipimo vya matone, nilitia madume zaidi ya mmoja kwenye tangi dogo. Ila mtu anayekuuliza "pH ngapi" halafu anakuandikia dawa bila kuuliza amonia huyo ni mganga.

NYONGEZA: Naona PM zinauliza sasa nafanyaje. Jumapili nilikwenda Kunduchi na madumu matatu ya lita 20, siku ya bamvua maji yamejaa kabisa, nikachota mbali na mlango wa mfereji. Siku za mvua kubwa msichote, yanakuwa na uchafu wa mjini. Nikachuja kwa kanga, nikayaacha madumu kivulini, pampu inapuliza. Yanachanganywa nusu kwa nusu na maji ya bomba yaliyokwisha kulazwa, unapata kama gramu 17 kwa lita na madini yote yamo. Gharama ni bodaboda tu. Kwenye filta nimetia mfuko wa vipande vya matumbawe vilivyookotwa ufukweni, vinayeyuka taratibu maji yakianza kuwa na asidi. Kipimo nimeagiza kile cha kuchungulia kwa jicho, chenye mstari wa chumvi, unakiweka sifuri kwa maji yaliyotoneshwa (distilled). Ile kalamu ya 9990 mwanangu anachezea duka.

Tangi bado halina samaki, natia kipande cha kamba kila baada ya siku mbili kulisha bakteria. Amonia na nitriti zisiposoma sifuri, haingii samaki.

Wanaosema hawa si wa kufuga, huenda mna haki, fungueni uzi wenu nitachangia.

NYONGEZA 2: Yule wa duka yumo humu, nimeona amepita bila kujibu. Elfu 35 yangu siitaki, na ya kalamu bakia nayo. Nenda kabandue ile lebo kwenye mifuko iliyobaki shelfuni.