Mvuvi anadai mkewe amebadilishwa: ni skizofrenia?

MhudumuNansio
Wakuu, naomba ushauri wa kitaalamu. Mvuvi wa Ukerewe, miaka 64. Siku ya 9 sasa anasema aliyemo nyumbani si mkewe, ni mwanamke mwingine aliyevaa sura yake. Watoto anawatambua, hesabu za dagaa anapiga sawasawa. Ndugu wanasema mke kafanywa msukule. Nifanye nini kabla hajapanda meli kwenda Mwanza?

DaktariKirumba
Hiyo inaitwa Capgras, kwa jina la daktari Mfaransa Joseph Capgras aliyeieleza mwaka 1923 pamoja na Jean Reboul-Lachaux. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo) huweza kuileta, ila kuanza na miaka 64 ni nadra. Kwa umri huo tafuta kwanza kwenye damu na ubongo.

Kuutambua uso ni njia moja ya ubongo, kuguswa moyoni na uso huo ni nyingine. Ya pili ikikatika, macho yanasema "ndiye" na moyo unanyamaza, basi akili inaziba pengo: "kabadilishwa." Ndiyo maana wapo wanaomkataa mke akiwa mbele yao, lakini akiwapigia simu wanamjua kwa sauti.

Leo pima sukari, malaria, joto, presha, VVU na kaswende. Uliza dawa mpya (efavirenzi ya VVU, isoniazidi ya kifua kikuu), pombe iliyoachwa ghafla, na kama kichwa kiligongwa hivi karibuni.

Muuguzi_AfyaYaAkili
Usikimbilie haloperidoli, ile dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili! Uliza kwanza: anaona watu wasiokuwepo? Mwili umekakamaa, anaburuza miguu? Akili inakuja na kupotea? Ukipata "ndiyo", huenda ni dementia ya miili ya Lewy (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na akili), na haloperidoli inaweza kumkakamaza vibaya, hata kumuua.

Aliye hatarini zaidi ni mke. Muulize mzee waziwazi: "Huyu mwanamke unafikiria kumfanya nini?" Akitaja kumpiga au kumtoa kwa nguvu, mama alale kwa ndugu usiku huohuo. Panga na visu vya samaki viondolewe vyovyote iwavyo. Usibishane naye, wala usimkubalie. Sema: "Baba, naona jambo hili linakunyima usingizi, twende tukapime." Melini akae ndani, mbali na ukingo, na mwanawe anayemwamini.

MwalimuSaikolojia
Kuhusu msukule: imani ambayo jamii nzima inayo haitoshi kuwa dalili. Lakini kwa masimulizi yetu msukule ni mtu aliyekwisha kuzikwa, na hapa hakuna msiba. Waulize ndugu hilo kwa heshima. Maombi wakitaka wafanye, ila kumfunga kamba, kumlazimisha kufunga kula na dawa za kunywa za mganga vikataliwe. Akianza kusema yeye mwenyewe amekufa, hiyo ni Cotard, huandamana na sonona kali, na mgonjwa huweza kukataa kula kabisa.

MhudumuNansio
Asanteni. Sukari 6.2, malaria hakuna, joto 36.8. Mwanawe kakumbuka: wiki 3 zilizopita mlingoti wa mtumbwi ulimgonga kichwani. Hakuzimia.

DaktariKirumba
Basi asisubiri. Kwa mtu wa umri huo damu huweza kuvuja taratibu chini ya fuvu, dalili zikaja wiki kadhaa baadaye. Mpe rufaa leo, hospitali ya Bugando, Mwanza, apigwe CT (picha ya ndani) ya kichwa. Asipewe dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, wala dawa ya usingizi. Njiani kila nusu saa muamsheni aongee, mtazame mboni zote mbili na nguvu za mikono. Akitapika, akisinzia au upande mmoja ukilegea, hiyo ni dharura. Kwenye barua ya rufaa andika tarehe aliyogongwa, mstari wa kwanza.