Waliowahi kushuti muvi, tupeane vituko vya lokesheni

Kimara Mwisho: Wakuu, jana nimeirudia Bowfinger ya 1999. Steve Martin ni prodyuza kapuku, anamfukuzia Eddie Murphy na kamera bila staa mwenyewe kujua kwamba yumo kwenye muvi. Walipofika pale wanapomvusha yule jamaa anayefanana na staa barabara kuu, magari yanakata upepo, sikucheka. Nimekumbuka nilivyovushwa Morogoro Road mara sita kwa sababu mpiga picha hakubonyeza kitufe. Malipo chipsi mayai. Leteni zenu.

Tandika Boy: Kitufe hicho kina laana, mkuu.

Maiti Mstaafu: Mbagala, sini ya msiba, mimi ndiye marehemu. Turubai, viti vya kukodi, jeneza la kuazima kwa fundi. Dairekta akaamuru kina mama wanne waanze kulia. Sasa uswahilini kilio hakina kadi. Nusu saa mikeka imejaa, watu na kanga zao, mzee mmoja kafungua daftari la rambirambi. Nimelala na pamba puani nasikia mama mmoja anaapa nilikuwa kijana mpole, nilimbebea ndoo. Simjui! Namsikia dairekta ananong'ona, "Usizime, hawa wanalia kuliko wetu." Mjumbe akauliza marehemu anazikwa wapi. Joto limenizidi, nikaomba maji.

Turubai liling'oka. Mzee alikimbia na daftari na 47,000 ndani. Waliochanga walirudi jioni kudai chao, prodyuza akawalipa kwa posho zetu.

Kaka Luku: Chai hii, na sukari imezidi.

Maiti Mstaafu: Kunywa maji basi. Ulikuwepo?

Mama Kijacho: Mlikuwa na kibali lakini? Sheria ya filamu ipo tangu 1976.

Maiti Mstaafu: Dada, tulikuwa na kamera moja na mwavuli.

Kaka Luku: Nani anaazimisha jeneza? Jibu hilo tu.

Jirani wa Kigogo: Achaneni na jeneza. Kuna muvi ya 1973 ya Truffaut, dairekta Mfaransa, paka anagoma kunywa maziwa kamera ikiwaka. Wetu alikuwa jogoo. Alfajiri tumemsubiri awike, kimya. Saa nne usiku, sini ya mapenzi, akawika mfululizo. Tulimla kesho yake.

Mzee wa Feri: Ushauri: anzeni kwa mjumbe, mjitambulishe, mtaa mzima utajua.

Tandika Boy: Usithubutu! Ukimwambia mjumbe atataka sini. Wetu aligoma kuwa mlinzi, akataka uwaziri. Tukampa.

Kimara Mwisho: Maiti, hiyo muvi ilitoka?

Maiti Mstaafu: Haikutoka. Jirani ana saluni, umeme ulikatika tangu asubuhi, msiba mzima unanguruma jenereta.

Binti Zakhem: Ngoja kwanza. Msiba huo ulikuwa karibu na saluni, turubai la bluu? Mama yangu alitoa buku mbili pale na jioni hakurudi kudai. Na ndoo anasema ulimbebea.