Nimepigwa pauni 72: boksi la matamasha ya Sir Adrian Boult limechakachuliwa mpaka ukimya

Wakuu, habari za muda huu. Mimi si mtu wa kufungua nyuzi za lawama, wengi mnanijua kwa maswali ya spika na amplifaya za mitumba. Leo mnisamehe. Nimekaa na hili jambo siku tisa. Shemeji yenu kaniambia nilale litapita. Nimelala, nimeamka, hasira iko palepale.

Niko Uingereza mwaka wa 14 sasa, kazi yangu ni zamu za usiku, na nikirudi asubuhi silali kabla sijasikiliza simfoni moja, yaani muziki mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa. Najua wapo watakaouliza Mchaga na Elgar, mtunzi wa Kiingereza, wapi na wapi. Nimekulia kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika, Kilimanjaro, napiga tromboni ndefu kuliko mkono wangu. Ukishakaa katikati ya shaba ukiwa na miaka 11 haikutoki tena. Tuendelee.

Kwa wasiomjua, Boult alikuwa kondakta. Si yule wa daladala, huyu anaongoza okestra. Kazaliwa 1889, kafariki 1983. Okestra ya Simfoni ya BBC ilipoundwa 1930 yeye ndiye aliyeisuka, akaishika miaka 20. Simfoni ya 3, ya 4 na ya 6 za Vaughan Williams, mtunzi mwingine wa Kiingereza, aliyezipiga kwa mara ya kwanza mbele za watu ni yeye: 1922, 1935, 1948. Simfoni ya 2 ya Elgar ilipokelewa kwa ubaridi mwaka 1911, Boult akaja kuifufua 1920, mpaka Elgar mwenyewe akamwandikia barua kwamba sasa anaona jina lake huko mbele liko salama mikononi mwa huyu kijana. Alikuwa anasimama wima kama mlingoti, fimbo ndefu, kazi yote anaifanya kwa vidole na kifundo cha mkono. Hakuna kurukaruka wala kutikisa nywele, na nywele zenyewe hakuwa nazo.

Sasa studio alikuwa mpole. Rekodi zake za studio ninazo, nazipenda, ila moto wa yule mzee ulikuwa ukumbini, watu wamekaa, hakuna kurudia. Ndiyo maana tunazisaka rekodi za matamasha hata zikiwa na mikwaruzo kama barabara ya vumbi. Nyingi zilinaswa redioni na watu majumbani, wengine kwa mashine za kuchonga sahani ambazo upande mmoja unachukua dakika nne tano tu, unageuza, unaendelea. Zilizobaki zimebaki kwa bahati.

Kwa hiyo nilipoona kuna kampuni inauza boksi la sidii nane, simfoni za Kiingereza, Boult, matamasha ya mubashara, "zimesafishwa kwa teknolojia ya kisasa", sikuuliza mara mbili. Pauni 72 na nauli ya posta. Jina la kampuni silitaji, sitaki kesi.

Nikaanza na Simfoni ya 6 ya Vaughan Williams, kwa sababu hiyo ndiyo kipimo changu. Ina sehemu nne na zinapigwa bila kusimama, moja inamwagikia nyingine. Sehemu tatu za kwanza ni vurugu: ngoma, matarumbeta yanayorudia mdundo uleule kama mtu anayegonga mlango usiku, saksafoni inayokejeli. Halafu inakuja ya mwisho, na hapo mtunzi ameagiza kila mtu apige kwa sauti ya chini kabisa, mwanzo hadi mwisho, na asipandishe hata kidogo. Dakika kama kumi za kunong'ona. Mwishoni kabisa zinabaki nyuzi tu, sauti mbili zinapokezana, E-flati meja na E maina, E-flati meja na E maina, kama mgonjwa anayepumua, mpaka hujui ni muziki bado unaendelea au ni kumbukumbu yako. Mimi hapo huwa nazima hata friji.

Wakuu, hawa jamaa wameifuta.

Si utani. Kwanza wameweka sekunde mbili za utupu kabla ya sehemu ya mwisho, mahali ambapo mtunzi amesema msisimame. Kisha nyuzi zinaingia zikilia kama vifaranga ndani ya ndoo. Nikadhani ni hedifoni. Nikabadilisha. Vifaranga walewale. Zikaanza kukatikakatika, ipo, haipo, ipo, haipo, na ile E maina ya mwisho, ile ambayo watu wazima wameikalia kimya ukumbini wakizuia kikohozi, haipo kabisa. Ukimya wa kompyuta. Nimeingiza faili kwenye programu nikalivuta hadi linajaza kioo: mstari ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Utepe wa zamani hautoi mstari ulionyooka hata ukirekodi chumba kitupu.

Wanaofanya kazi za sauti wataelewa kilichotokea. Programu ya kuondoa mvumo, ule shiii wa rekodi za zamani, unaionjesha kipande cha mvumo mtupu, inajifunza kwamba hii ni takataka, kisha inakata kila kinachofanana nayo. Shida ni kwamba vayolini zikipigwa kwa kunong'ona zinafanana sana na mvumo. Fundi mwenye masikio analegeza, anakubali shiii kidogo ibaki. Huyu ameikaza mpaka mwisho akaenda kunywa chai.

Simfoni ya 3 ndiyo sitaki hata kuisimulia. Mwishoni kuna soprano anaimba kwa mbali bila maneno. Kwenye boksi hili anaimba kwa mbali kweli, amefika Ulaya Mashariki.

Nikasema labda ni sidii mbili tatu mbovu. Nikaweka Elgar namba 2. Simfoni hii iko kwenye ufunguo wa E-flati, kila anayeipenda anajua. Dakika ya kwanza tu nikahisi kuna kitu hakijakaa, kila mtu ana haraka, matarumbeta yamekonda. Nikachukua kinanda cha plastiki cha mwanangu. E. Si E-flati, ni E! Nusu toni nzima juu, yaani hatua moja ya kinanda. Nusu toni ni kama asilimia 6 ya mwendo, maana yake tamasha la dakika 52 limekuwa la dakika 49. Mashine ilizungushwa haraka, hakuna aliyesikiliza. Hata mtoto wa miaka saba angeweza kuwaambia kosa lao kwa kidole kimoja.

Nikaenda kwenye kijitabu kuangalia ni tamasha gani. Sasa hapa ndipo nilipocheka peke yangu sebuleni kama chizi. Elgar huyohuyo wameandika: Queen's Hall, London, 1943. Ndugu zangu, ukumbi wa Queen's Hall ulipigwa bomu la moto na Wajerumani usiku wa Mei 10, 1941 ukabaki kuta. Boult mwaka 1943 alikuwa na okestra yake mji wa Bedford, BBC iliwahamishia huko kukwepa mabomu, na matamasha ya Promu, yale ya BBC ya kila kiangazi, yalikwishahamia Royal Albert Hall. Hivyo hili tamasha ama limepigwa kwenye vifusi, ama tarehe imetoka kichwani mwa mtu. Sidii nyingine hazina hata hicho: "London, miaka ya 1950". Ungenunua gari lenye kadi iliyoandikwa "Japani, zamani kidogo"?

Na makofi. Sidii ya 2 na sidii ya 6, simfoni tofauti, eti ni kumbi tofauti. Sikiliza makofi ya mwisho: sekunde ya tatu kuna mtu anakohoa mara mbili upande wa kushoto, halafu mwingine anapaza sauti "bravo" kwa ukali. Zote mbili. Kikohozi kilekile, bravo ileile. Ama huyo mgonjwa alimfuata Boult kila alikokwenda, ama makofi yamebandikwa. Na kama makofi yamebandikwa, nani ananihakikishia kwamba chini yake si rekodi ya studio ninayoimiliki tayari? Hii ni kanyaboya tu, haina jina lingine.

Nikawaandikia, kwa adabu, na dakika na sekunde zote. Jibu lilikuja siku ya nne. Wanasema wateja wao wengi "wanafurahia usafi wa sauti" na wananishauri nikague vifaa vyangu. Vifaa vyangu! Na kurejesha hela haiwezekani kwa kuwa boksi limefunguliwa. Nilipaswa kuzisikiliza zikiwa zimefungwa?

Kuna mwanajukwaa mmoja nilimwambia hili pembeni akanijibu, "kaka, ni rekodi za zamani, ulitegemea nini?" Nilitegemea uzamani wake! Nipe mikwaruzo, nipe mvumo, nipe kikohozi, ila kiwe cha usiku ule. Boult alipiga Simfoni ya 1 ya Elgar kwenye Promu ya 1976 akiwa na miaka 87. Mtu wa umri huo akisimama mbele ya okestra, hata anavyochelewa kushusha fimbo mimi nataka nisikie.

Kwa mwenye boksi kama langu: jalada ni la kijani na picha ya mzee kafumba macho. Weka sidii ya 4, sehemu ya mwisho ya ile namba 6 ya Vaughan Williams, dakika moja na nusu za mwisho, kwa hedifoni. Uniambie hapa kama unasikia chochote. Na mwenye nakala ya tamasha lolote la namba 6 ambayo haijaguswa, hata iwe ya redio, ani-PM, nitalipa.

Sidii nililipia kwa kadi, kwa hiyo jana nimeshapeleka malalamiko benki pamoja na picha ya ule mstari ulionyooka. Mrejesho nitaleta.